Kuni Mbichi

Coyhaique, Julai. Saa kumi na moja, na jua limekwisha jitoa.
Yasna Oyarzo kafungua dirisha, kalifunga papo hapo:
moshi umeulalia mji mzima
kama blanketi la mgonjwa asiyetaka kuamshwa.

Mezani pake kaya mia tatu na kumi na mbili.
Nusu zilipata jiko jipya, kwa kura,
vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya sufuria ya shule,
vikachomolewa na mtoto aliyefungwa kitambaa machoni.
Hapo hana wasiwasi. Sufuria haina upendeleo.

Jiko likapunguza moshi.
Moshi ulipopungua, vifua vya watoto vikatulia.
Ndivyo jedwali linavyosema, lina nyota tatu pembeni,
na wizara inaitaka sentensi hiyo hiyo, fupi, ifikapo Ijumaa:
katika kila vikohozi kumi vilivyonyamaza
saba vilipita njia ya moshi.

Pafukapo moshi pana moto.
Sawa. Lakini methali haikuuliza
moto wenyewe ulikuwa wa kuni gani.

Maana jiko lilipigiwa kura; moshi haukupigiwa.
Moshi ulijichagulia nyumba.
Kwa Edelmira Huenchuán uliingia na jiko jipya likiwepo,
kwa kuwa kuni kavu zina bei yake
na Edelmira hununua mbichi, za mkopo, mwezi ukiwa katikati.
Na mkono huo huo mtupu ulionunua kuni
ndio ulioshindwa kuziba ukuta,
na ukutani, nyuma ya kitanda cha Millaray,
kuvu jeusi limechora ramani ya nchi isiyojulikana.
Mtoto anakohoa. Kwa moshi? Kwa kuvu?
Dodoso lilikuwa na maswali sitini na manne.
Hakuna lililogusa kuni.

Sasa ni majira matatu ya baridi tangu siku ile.
Kuni ni majivu, na majivu hayahojiwi.

Basi Yasna anamkaribisha asiyeonekana, anampa kiti:
haya, tuseme upo. Una uzito gani?
Anampima kwa herufi ya Kigiriki, ro.
Ro ikiwa sifuri, saba inabaki saba.
Sifuri nukta moja: tano na ushee.
Nukta mbili: tatu.
Mstari unashuka kwenye kioo, mnyoofu, hauna haya,
na ifikapo sifuri nukta tatu nne
njia ya moshi inakatika.

Jiko linabaki. Jiko linasaidia, hilo halitikisiki;
kinachotikisika ni *kupitia wapi*.

Nukta tatu nne ni nyingi, au ni chache?
Mapato, tuliyoyapima kwa jasho,
hayakuvuta zaidi ya nukta moja nane.
Je, gogo bichi litavuta maradufu ya mshahara?
Anampigia simu Eliecer, aliyezungukia nyumba zile na dodoso.
“Sikumbuki idadi,” anasema Eliecer, na nyuma yake redio inasoma hali ya barabara.
“Nakumbuka kwa Edelmira kuni zilikuwa zikilia.
Zilitoa povu mwishoni, na sauti, kama kitu kinachoomba.”
Kimya.
“Na nyumba nyingine?”
“Sikusikiliza. Hukunituma kusikiliza.”

Usiku anaandika sentensi ndefu kuliko walivyoiomba:
saba kati ya kumi, iwapo hakuna tusichokiona;
kikiwepo, na kikizidi nguvu hii tuliyoitaja,
huenda hata kimoja kisiwe cha moshi.
Anajua watakata kila kitu baada ya neno *kumi*.
Anaituma vilevile.

Kisha analifungua dodoso la mwaka ujao,
anashuka hadi chini, penye nafasi nyeupe,
anaandika la sitini na tano,
analifuta kwa kuwa halisikiki kama swali la kisayansi,
analiandika tena:

Kuni zenu, mkizitia motoni, hulia?